Mawe Arobaini ya Kumrudisha Marta

Jumatatu, 4 Juni 1956. Kilolo.
Ukungu tangu asubuhi. Siku ya kumi na mbili bila mke. Marta yuko kwa mama yake, ng'ambo ya mto, kwa sababu ya mzinga wa nyuki niliouweka chumbani. Nilikuwa nawakinga nyuki na baridi! Hakuna anayenielewa.

Lakini njia nimeipata. Mkufu wa mawe ya mtoni, yanayong'aa kama kioo. Mwanamke gani atakaa kwa mama yake akishatumiwa mkufu huo? Nimeokota mawe arobaini. Mgongo unaniuma.

Jumanne, 5 Juni.
Mashine tayari. Debe la mafuta ya taa. Ndani mawe, mchanga na maji. Nimelifunga kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli iliyopinduliwa miguu juu. Nikizungusha pedali, debe nalo linazunguka. Baiskeli ni ya katekista Sedekia, aliyeniletea nizibe pancha. Pancha itasubiri.

Jailos, fundi baiskeli mwenzangu, akaja kuuliza nasaga nini. Nikamjibu ni siri. Akasema siri hiyo inasikika mpaka Ilula. Wivu mtupu.

Alhamisi, 7 Juni.
Siku mbili za kuzungusha. Mkono wa kulia umekufa ganzi, wa kushoto haujui kazi. Nimefungua debe. Mawe yale yale, ila yamelowa. Nilikaa chini, nikala viazi vyangu vibichi upande mmoja, karibu nilie.

Ijumaa, 8 Juni.
Nimevuka mto kumchungulia Marta. Wote walikuwa shambani. Kando ya vyungu ambavyo bado havijachomwa, nikaliona jiwe la mama mkwe la kusugulia vyungu. Yeye ni mfinyanzi. Jiwe dogo, laini, linang'aa mpaka nikauona uso wangu uliochoka.

Hapo akili ikafunguka. Mawe yangu hayana wa kuyafundisha! Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Basi jiwe moja liking'aa? Nimeliazima. Kuomba nisingeweza: mtu hamtazami mama mkwe wake usoni, sembuse kumwomba kitu. Ni heshima tu.

Jumamosi, 9 Juni.
Nimeongeza chupa iliyopondwa, iwe dawa kali. Nimezungusha tangu jogoo mpaka saa kumi, mnyororo ukakatika. Nikafungua. Mawe arobaini, vile vile. La mama mkwe limefuata tabia za wenzake. Nimeyapanga yote arobaini na moja, na lake silijui ni lipi.

Jumapili, 10 Juni.
Sedekia alikwenda kanisani kwa miguu. Baiskeli yake kaichukua, kampelekea Jailos aitengeneze.

Nimebeba debe zima ng'ambo. Nikasimama nyuma ya mianzi, uso nimegeuza, kama adabu inavyotaka. Marta akalipokea. Mama mkwe akatia mkono ndani na kulitoa la kwake bila kutazama. Akalipapasa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya kunifikia:

"Marta, mwambie mkwe wangu jiwe hili nilipewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake. Vyungu vya gulio vinanikaukia hapa bila kusuguliwa. Utarudi kwake siku litakapong'aa tena."

Marta akayarudia maneno hayo neno kwa neno, nami nilikuwa hatua tano tu. Hakucheka. Afadhali angecheka. Niliona aibu mpaka masikio. Akaongeza la kwake: nilisugue kwa mkono, kwa majivu na ngozi, taratibu, bila mashine. Alisema pia kwamba viazi vya mama yake vinaiva pande zote, lakini amechoka kulala huko.

Jumatano, 13 Juni.
Nimesugua siku tatu. Kweli, pamezuka mng'ao, upana wa ukucha. Kwa mwendo huu Marta atarudi mvua zikianza. Vidole vinawaka.

Nimetafakari, na kosa nimeliona. Debe lilikuwa dogo. Nyuma ya kibanda cha Jailos kuna pipa tupu la petroli, na mto unaweza kulizungusha wenyewe, mimi nimelala. Pia jiwe moja lilizidiwa na arobaini. Lilihitaji msaidizi.

Mama mdogo wa Marta naye ni mfinyanzi. Jiwe lake ni kubwa zaidi. Kesho anashinda shambani.