Majid Alivyoshinda Mpaka Akawa wa Mwisho

Kilwa Kivinje nzima hakuna aliyewahi kumfunga Majid kwenye bao. Msinibishie mimi. Kamwulizeni Majid mwenyewe, atawaambia hata kabla hamjauliza.

Sisi wa barazani kwa Yassini tulimfunga kila wiki, ila Majid hakukosa sababu: mara jua limempiga machoni, mara kete zina mchanga. "Kunifunga mimi," alisema, "labda mlihamishe kwanza boma la Mjerumani."

Mwaka huu mashindano ya Lindi yakaja na mtindo mpya. Bao la mchujo linachezwa kwenye simu: ukishinda unaongezewa alama moja, ukifungwa unapunguziwa moja. Atakayeongoza Kivinje ikifika Ijumaa ndiye atakayekaa jukwaani Lindi. Majid alishatangaza mpaka sokoni kwamba nafasi ni yake, na kanzu ya safari alishaipeleka kwa fundi. Akiikosa nafasi hiyo, itabidi ahame mji.

Kucheza na sisi hakutaka. Alichukua simu ya mkewe, Mastura, akamsajili kimyakimya, akajifungia chumbani na simu mbili. Mkono wa kulia Majid, wa kushoto Mastura. Maskini kushoto, kulifungwa bila huruma.

"Baba, unafanya nini humo?" Mastura akauliza mlangoni.

"Mazoezi, mke wangu. Ubingwa una kazi."

Alhamisi akaja barazani na alama mia moja ishirini na saba. Yassini, aliyemfuatia, alikuwa na tisa.

"Inatosha, bwana, umeshatuacha," Yassini akamwambia.

"Haitoshi. Nataka Lindi waniogope."

Akarudi chumbani, akajishindia tena mara moja. Simu ikaandika: hasi mia moja ishirini na nane. Majid alikuwa ameporomoka hadi mkiani, sawa na mkewe, chini hata ya watu ambao hawajawahi kugusa kete. Akacheza haraka ajiokoe, akashinda, akapanda hatua moja tu. Lakini kule juu kabisa, penye nyota ya bingwa, likatokea jina la Mastura na alama mia moja ishirini na saba.

Akampigia Agnes, binti wa mtaa wa Rasbura kule Lindi, aliyeutengeneza ule mchezo.

"Pole sana kaka, hilo ni kosa langu," Agnes akasema. "Alama nimezitengea nafasi ndogo, mwisho mia moja ishirini na saba. Ukiongeza moja, namba inajigeuza, inaangukia chini kabisa ya sifuri. Na aliyefungwa kupita kiasi anaibukia juu. Sikudhani kuna mtu angefika huko. Ngoja nizikague mechi zako nikurekebishie. Enhe, huyu Mastura uliyemfunga mara zote hizi ni nani?"

Majid akaisukumia simu ya mkewe chini ya mto.

"Kaka, upo?"

"Basi dada, acha tu. Mchezo wako hauna tatizo."

Ijumaa jina la Mastura likabaki juu, Majid akalazimika kumweleza yote. Jumapili tukaenda Lindi. Mastura akapanda jukwaani na kanga mpya, akakaa mbele ya bao kama amezaliwa hapo. Majid alisimama nyuma yake na kanzu yake ya fundi, amembebea mkoba.

"Mama, bao umefundishwa na nani?" mshereheshaji akauliza kwenye kipaza sauti.

Mastura akamwonyesha mumewe kwa kidole.

"Na huyu hapa. Kanifunga mpaka nimekuwa bingwa."