Mamba wa Taulo

Jumatatu, 4 Machi
Tangazo limebandikwa hapa hotelini, chumba cha wafanyakazi cha kubadilishia nguo. Anatafutwa msimamizi wa ghorofa ya juu kabisa, ya vyumba vya wakubwa, ambako dirishani unauona mto mzima mpaka darajani. Mimi nasafisha vyumba ghorofa ya kumi na tisa. Huko mto unauona nusu, nusu nyingine imezibwa na benki. Nafasi hii ni yangu. Nimeshampigia simu baba mkwe kumwambia nimeipata. Tangu siku ya harusi ananiita kijana wa vitanda. Akasema ataamini akisimama mwenyewe kwenye dirisha hilo. Jumapili anakuja.

Mpinzani ni mmoja tu, Bi Shuka, mwenzangu wa upande wa kushoto. Kitanda akikitandika, nzi akitua anaacha alama. Lakini ujanja hana.

Jumanne, 5 Machi
Asubuhi na mapema nimetundika kadi za "Usisumbue" kwenye milango yote ya Bi Shuka. Kadi ikining'inia, mhudumu haruhusiwi hata kubisha hodi. Mpaka mchana atakuwa hajagusa shuka! Nilichekea tumboni.

Nilisahau sheria moja. Mhudumu asiye na vyumba hutumwa kumsaidia mwenzake. Mama Mkuu wa usafi akamleta kwangu, akatandika vyumba vyangu vyote, mimi nikabaki na ndoo za taka. Mama Mkuu alipopita akasema upande huu haujawahi kupendeza hivi. Alikuwa anamwambia yeye. Lakini vyumba vilivyosifiwa ni vya nani? Vyangu.

Jumatano, 6 Machi
Nimelamba dume. Sote hukunja taulo ikawa bata, tukamweka kitandani, mgeni afurahi. Bata amechosha. Leo nimekunja mamba. Taulo zote za chumba, mdomo wazi, macho ya vifuniko vya shampuu. Mama mmoja aliyekuja likizo na mumewe alifungua mlango, akamwona, akatoka mbio mpaka kwenye lifti na kiatu kimoja. Nikajua nimekwisha. Lakini mumewe alicheka mpaka akakaa sakafuni, akampiga mamba picha, akashuka mapokezi kuuliza jina la fundi. Jina langu, mapokezi!

Bi Shuka amesema kwa upole kwamba mamba ni mzuri, ila mgeni atajifuta na nini. Wivu huo. Nimejitia hamnazo.

Alhamisi, 7 Machi
Kila chumba kinataka mamba. Taulo zangu zimekwisha, nikaazima za bwawa la kuogelea. Nazo zikaisha, nikaazima za kwenye kigari cha Bi Shuka alipokuwa ameinama kutandika. Hakujua. Au alijua, maana aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto akipanda mezani.

Kesho mwenye hoteli anakuja kukagua na kulala, naye amepangiwa upande wangu. Bahati ikikupenda, haijifichi.

Ijumaa, 8 Machi
Mamba wa mwenye hoteli alikuwa mkubwa kuliko wote. Mpaka kitambaa cha kukanyagia bafuni nilikitia tumboni mwake, kisha nikamshona kwa uzi wa nailoni asije akafumuka mbele ya bosi.

Bosi akaingia kuoga. Mimi nilikuwa koridoni, nimetega sikio. Kwanza aliimba. Halafu kimya. Halafu nikasikia mtu anapambana na mamba, na mamba anashinda. Kazi safi ile, haikuachia hata mshono mmoja. Mwishowe alitoka mlangoni amejifunga pazia, anatiririka maji. Bi Shuka akatokea na taulo moja kavu, sijui aliificha wapi, akamkabidhi huku amegeuza uso kwa heshima.

Jumamosi, 9 Machi
Ghorofa ya juu kapewa Bi Shuka. Mimi nimeteremshwa kwa dobi, chini ya ardhi, hakuna dirisha hata la kupumulia. Imeniuma, sikatai. Nimekaa juu ya rundo la shuka chafu nikimfikiria baba mkwe, na machozi yalikuwa karibu. Bi Shuka akashuka kunipa pole. Amesema nikihitaji kitu huko juu nimwambie tu.

Alipoondoka nikaangaza macho. Taulo za kila ghorofa zinapita mikononi mwangu. Yeye ana ghorofa moja, mimi jengo zima. Nimempiga bao na wala hajui!

Jumapili, 10 Machi
Baba mkwe kafika na suti yake ya harusini. Ameuliza dirisha liko wapi. Ningeweza kumwomba Bi Shuka. Nimwombe yeye? Mimi? Kigari cha dobi ni kirefu, kinapanda mpaka juu kwa lifti ya wafanyakazi, na hakikaguliwi. Nikamwambia mzee kwamba wakubwa wote hupandishwa hivi, kimyakimya. Akavua viatu, akajikunja humo. Nikamfunika taulo, na juu yake nikamkunjia tembo, mtu asije akashuku.

Lifti ilipofunguka, ndani walikuwamo Bi Shuka, Mama Mkuu na mwenye hoteli, bado wako kwenye ukaguzi. Tembo akapiga chafya.

Nimeandika haya nikiwa benchi la walinzi, baba mkwe pembeni yangu, amenipa mgongo. Wanangoja meneja aje. Aje tu. Bata kila mtu anamkunja. Lakini tembo anayepiga chafya? Nikiingia ofisini kwake naomba nyongeza ya mshahara.