Sekunde Nne Kwenye Foleni ya Supamaketi

Jumatatu, 4 Machi

Ushindi! Klabu ya filamu imekubali chaguo langu: Njia Nane za Kurudi Nyumbani. Urefu wake saa tatu na dakika kumi, watu ishirini na wawili wasiojuana, Los Angeles moja. Nimewaambia ni kazi kubwa ya sanaa. Sikuwaambia kwamba katika saa ya pili, kwenye foleni ya supamaketi, yule mwenye shati la njano ni mimi. Sekunde nne! Wataniona wenyewe, watapiga makofi. Nina miaka sitini na saba na sijawahi kupigiwa makofi na mtu yeyote. Nayataka.

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Jirani yangu Lorraine Pfeiffer amemwambia kila mtu kwamba naye yumo. Tena anasema neno! Saa ya tatu anamwambia muuguzi gari lake linavutwa. Harlan, mwenyekiti wetu, amemwahidi kiti cha mbele. Najua, mji huu ukirusha jiwe utampata mwigizaji, lakini lazima awe wa mlango wa pili? Nilimwuliza kwa upole kama ana hakika hawakumkata kwenye filamu. Akacheka, akasema: "Vernon, mzee wangu, wivu utakupasua nyongo." Wivu! Mimi!

Alhamisi, 7 Machi

Mpango umepatikana: shibe. Wakishaniona, tutapumzika, nitawalisha, saa ya tatu wasiione. Kwanza nilitaka washibe waende zao. Haiwezekani. Hapa hakuna anayeondoka kabla orodha ya majina mwishoni mwa filamu haijaisha, maana kila mtu ana shemeji aliyeshika taa mahali fulani na lazima apigiwe makofi. Basi, walale. Nimepika makaroni ya jibini, trei nne.

Jumamosi, 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulikutana gereji kwa Harlan. Akasikia harufu, akatangaza tule kwanza. Nikapinga. Akanifokea mbele ya watu: "Acha uchoyo, Vernon, ni makaroni tu hayo!" Wakazimaliza trei zote. Ilipofika saa ya pili, watu kumi na wanne walikuwa wakikoroma, Lorraine akiongoza. Nikakohoa. Nikaangusha sufuria. Nikamkanyaga Harlan. Wapi!

Nikajitazama peke yangu. Shati la njano, foleni, kopo la maharage linanidondoka. Mwanamke aliye mbele yangu anageuka, analiokota, ananipa, tunatabasamu. Lorraine! Miaka thelathini iliyopita! Siku zote nilikuwa nikitazama shati langu tu. Tulisimama pamoja siku nzima bila kuulizana jina, na sasa tunagawana ukuta. Filamu nzima inahusu hilo hilo: watu wanapishana, wanapeana kopo, hawajui. Machozi yakanilengalenga, sikatai.

Kisha nikaona nywele zake zinaziba sikio langu la kushoto. Sekunde mbili kati ya nne!

Saa ya tatu wakaamka wote, wamepumzika vizuri. Lorraine akasema neno lake, gereji ikalipuka. Jina lake lilipopita kwenye orodha wakasimama. Jina langu halikupita. Sisi wa foleni hatuandikwi.

Jumapili, 10 Machi

Lorraine amebisha hodi, ameleta keki ya limau. Harlan anachechemea; kumbe nilipomkanyaga alifumbua jicho, akaniona na shati la njano, na amemweleza kwa nini huenda nilikuwa nimechachamaa: eti nami nimo. Akaomba radhi kwa kulala. Akasema twende kwake sasa hivi, na diski yangu ya filamu, tuitazame saa ya pili sisi wawili, naye atasimama anipigie makofi mpaka mikono iwake moto. Hakuwa anatania, nilimwona usoni.

Moyo ulinidunda. Nikaifuata diski, nikaishika. Halafu nikafikiri. Akijiona kwenye foleni, atakuwa na sehemu mbili! Mtaa mzima utajua kabla ya chakula cha mchana.

Nikamwambia diski imekwaruzika. Akasikitika sana, akaenda zake. Nikachukua uma, nikaikwaruza pande zote mbili, mtu asije akasema mimi ni mwongo.