Mlinzi wa Kimbilio

Jumatatu, 3 Machi

Siku yangu imefika! Baba mkwe anasafiri wiki mbili kufanyiwa upasuaji wa jicho. Leo mezani, kabla ya kupanda gari, ametangaza kwamba akirudi atakabidhi funguo za duka lake la vioo kwa mmoja wetu: mimi, mume wa binti yake, au shemeji, mwanawe wa kumzaa. Mtihani ni tangi lake la samaki wa maji ya chumvi pale sebuleni. Shemeji amepewa kulisha samaki. Mimi nimepewa kimbilio.

Kimbilio ni kisanduku cha kioo alichokitengeneza mwenyewe na kukibandika nyuma ya tangi. Maji yanapita humo na kurudi, ila samaki hawaingii. Humo watazaliana vijidudu wadogo kama chembe za unga, na wachache watakaochukuliwa na maji watakuwa chakula cha Bibi Harusi, samaki wake mwenye mapambo mwili mzima, asiyekula kitu kingine chochote. Nichague mwenyewe cha kuweka humo. Shemeji akakohoa. Nakijua kile kikohozi.

Jumanne, 4 Machi

Kwa muuza samaki wa mapambo. Ameniambia nitie mwani, kokoto, kichupa cha vijidudu, niwashe taa, kisha nisiguse. Basi? Baba mkwe arudi akute majani na kokoto? Hata shemeji angeweza!

Nikamuuliza, na usalama je? Akasema samaki hawaingii humo, usalama wa nini. Hana upeo. Nikamwonyesha kaa mmoja kwenye beseni, mkono mmoja mkubwa, macho makali. Akaniambia yule anakula kila kitu. Nikamjibu kila mfanyakazi anakula. Akamfunga kaa kwenye mfuko, akapokea pesa. Nadhani nilimgusa.

Jumatano, 5 Machi

Nimetia mwani, kokoto na kichupa cha vijidudu, na kaa ameanza kazi. Amekagua kila pembe, amepindua kila kokoto. Mchapakazi kwelikweli! Nimempa cheo cha Kamanda.

Mke wangu alipita na nguo za kuanika, akasimama, akauliza mbona Kamanda anapeleka mkono mdomoni kila mara. Nikamwambia ile ni saluti. Akaenda kuanika.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji ana vituko! Anajipiga picha akilisha samaki na kumtumia baba yake hospitalini. Sikukubali. Nimempigia baba mkwe mwenyewe, nikamripotia kwamba kimbilio liko shwari, hakuna tukio hata moja. Akauliza kama vijidudu wanaongezeka. Nikasema wametulia sana, haonekani hata mmoja. Nidhamu! Akasema daktari anamwita.

Jumapili, 9 Machi

Kuna hujuma. Vijidudu hawapo. Mwani umebaki mashina. Jana niliongeza kichupa kingine asubuhi, hadi adhuhuri wamekwisha! Kamanda peke yake ndiye hajatetereka, tena amenenepa, jambo linaloonyesha kwamba mazingira ni mazuri. Mshukiwa ni mmoja tu, na anapenda kukohoa.

Jioni mke wangu akaniita kwenye tangi. Bibi Harusi amekonda, tumbo limebonyea, anadonoa kioo kitupu. Akaniambia tangu mama yao afariki, baba yao huongea na samaki huyu kila asubuhi kabla hajaongea na mtu, na akirudi akamkuta amekufa hajui watamwambia nini. Alikuwa akilia. Roho iliniuma sana. Nikamwahidi nitaimarisha ulinzi.

Jumatano, 12 Machi

Nimemkamata! Nilijibanza nyuma ya pazia tangu asubuhi. Shemeji akaingia kwa kunyata, akatazama huku na huku, akatoa kichupa mfukoni. Nikaruka! Pazia likaja na fimbo yake, na wote watatu tukaangukia kochi: mimi, shemeji na pazia.

Alipopata pumzi akasema tangu Jumapili amekuwa akimnunulia Bibi Harusi vijidudu na kumtilia palepale mdomoni, maana kwenye kisanduku changu hatoki kitu. Akaapa alifanya kimyakimya ili asinivunjie heshima. Heshima! Anamhonga samaki kabla ya matokeo, halafu anazungumzia heshima.

Mke wangu akaokota kichupa sakafuni, akamshukuru kaka yake mbele yangu. Pazia nimelirudisha mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Baba mkwe amerudi mapema, jicho moja limefungwa bandeji. Hilo moja lililobaki lilimtosha. Akainama kwenye kimbilio: kokoto safi, hakuna jani, na Kamanda katikati, mnene mpaka anatembea kwa shida.

Akauliza nani amemweka kaa pamoja na vijidudu. Nikasema mimi, kwa ajili ya usalama wao. Akauliza usalama wao dhidi ya nani. Swali gumu. Nikamtazama shemeji. Shemeji hakukohoa hata kidogo, nami nikaumia zaidi.

Akavuta kiti akaketi mbele ya Bibi Harusi, akamwambia kitu taratibu. Funguo amempa mwanawe. Mimi hakunigombeza. Ameniita mwanangu, akaniambia nianze upya: nimtoe kaa, nitie mwani na vijidudu tu, nisiongeze kitu. Kimbilio likijaa, ataniweka kaunta ya mbele. Mke wangu aliniminya mkono. Sitamwangusha mzee. Safari hii ni kufa na kupona.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetafakari siku mbili, na kosa nimeliona. Kamanda hakuwa na mtu wa kumsimamia! Kumfukuza ni kupoteza uzoefu wote ule. Kinachotakiwa ni mkaguzi.

Nimerudi kwa muuza samaki nikachagua pweza mdogo, mikono minane, kazi itakwenda haraka. Yule bwana ameshika kichwa. Ameniambia pweza atamla kaa, kisha usiku atapanda ukuta wa kisanduku na kuingia kwenye tangi kubwa.

Safi sana. Atakagua na huko.