Mkono wa Wifi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Bwana asifiwe, daftari langu. Leo sina raha.

Mteja wa kadi za harusi kaingia kwenye kibanda changu cha kuchapa asubuhi. Kashika sampuli zangu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota soksi isiyo yake. Kasema herufi zangu zimekaa kama tangazo la kukatika maji. Watu siku hizi wanataka mwandiko wa mkono! Kadi ionekane imeandikwa na mtu, kwa kalamu, kwa mapenzi. Halafu nakala mia mbili. Akaaga. Akapiga hatua nne tu, akaingia kwa Msomi.

Msomi ni jirani yangu wa kibanda. Tunatenganishwa na ukuta wa mbao, akipiga chafya namwombea heri. Kasomea usanifu chuoni miaka mitatu na anavaa kofia ndani ya nyumba. Kompyuta yake ina fonti thelathini za mwandiko wa mkono. (Fonti ni sura ya herufi. Mimi na darasa la saba langu nimelijua neno hilo mwaka jana.) Nikamsikia akimwambia yule mteja, kwa sauti ya kutoboa mbao, kwamba jirani yake ni mama mzuri sana, mcha Mungu, ila upande wa herufi bado yuko enzi za taipureta. Wakacheka.

Nimemsamehe. Nimemsamehe mara tatu leo, na kila mara hasira inarudi palepale.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimegundua! Kumbe ipo programu. Unaandika herufi zote kwenye karatasi yenye vijumba, kila herufi na kijumba chake, unaipiga picha, kompyuta inazigeuza kuwa fonti. Basi! Ukiandika barua, inatoka kwa mkono wako.

Nikajaza kwa mkono wangu. Nikasali kabla, nikasali baada. Nikachapa "Karibuni harusini", nikamwonyesha Baba watoto. Akaigeuza juu chini. Akauliza nani kaumia.

Sijakata tamaa. Katika ukoo huu upo mkono mmoja wa dhahabu. Wifi yangu, dada mkubwa wa Baba watoto. Mwaka wa kumi na nne huu anaandika ubao wa matangazo kanisani, pamoja na daftari la wagonjwa wa kuombewa. Ni mjane, hakujaliwa mtoto, na kalamu ile ndiyo mtoto wake, mume wake na kazi yake. Watu wanasema ukiliona jina lako limeandikwa na yeye, unaanza kupata nafuu hata kabla ya maombi.

Shida ni moja. Wifi hawezi kunipa kitu. Nimeolewa miaka ishirini na mbili na bado ananiita "bi harusi", wala si kwa kunisifu. Nikimwomba mwandiko atasema ule ni wa Bwana, si wa biashara.

Itabidi nitumie hekima. Hekima si uongo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Imekuwa! Bwana ni mwema.

Wifi amekuwa akilalamika macho. Nikaenda kwake na ile karatasi ya vijumba na chupa ya chai. Nikamwambia daktari wa macho anataka aandike herufi zote, kubwa na ndogo, na tarakimu, na alama zote, ili aone kama jicho na mkono bado vinaelewana. Akaniuliza ni daktari gani anapima macho kwa alama ya mshangao. Nikasema wa kisasa. Akasema haya, bi harusi, lete hiyo kalamu.

Akavaa miwani, akakaa wima, akaandika kama anaandikia malaika. Ilikuwa raha kumtazama. Sasa alipofika kwenye y ndogo, mimi kwa kimbelembele changu nikainama nione vizuri, nikamgonga kiwiko. Mkia wa y ukaruka ukaota nundu, kama goti lililoteguka. Akataka kuandika upya. Karatasi ninayo moja tu! Nikamwambia daktari hataki marekebisho, atajua tumedanganya.

Akanitazama juu ya miwani. Akauliza majibu yanatoka lini. Nikasema upesi sana.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya ushindi. Fonti nimeibatiza Upole. Nimeiagiza kompyuta kwamba kila nitakachoandika kitoke kwa herufi za Upole, hata orodha ya sabuni. Mteja wa harusi karudi mwenyewe! Kapapasa kadi, kasema anamwona mwandishi kabisa, mtu mtulivu, mwenye imani. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Labda kadhani ni mimi.

Hapo ningerudi nyumbani. Sikurudi. Nikapita mlangoni kwa Msomi na kadi mkononi, nikijipepea nayo. Akaiomba, akaisogeza dirishani, akavua kofia. Daftari langu, alivua kofia! Akasema hajaona fonti ya mkono yenye pumzi namna hii. Akauliza kama anaweza kuitazama kidogo kwenye kompyuta yake. Moyo ukanifunguka kama mwavuli. Nikampa flashi. Nikamwonya atazame tu, asiitumie.

Akaitikia, "Ndiyo, mama yangu mzazi." Heshima imezidi kipimo. Ilinipasa nishtuke.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Toba!

Baa inayotazamana na lango la kanisa imetundika bango jipya, refu kuliko mlango. Linasema: "Wajane na waseja! Kila Jumamosi, chupa ya pili bure. Usiyabebe peke yako, njoo tukufariji."

Kila herufi ni ya wifi. Kila moja!

Kwaya nzima ya akina mama ilikuwa imesimama ng'ambo ya barabara, mikoba kifuani. Mmoja akaapa kwamba ile d anaijua hata gizani, ndiyo iliyoandika jina lake alipofanyiwa upasuaji. Mwingine akasema pole pole kwamba upweke ni kitu kibaya jamani, tusimhukumu. Ndivyo wanavyosema wakishahukumu.

Nikaenda kwa Msomi mbio, kiatu kimoja kikibaki njiani. Akafungua mikono kama mtu anayeonewa. Akanieleza kwamba kwa wasanifu, kuitazama fonti ni kuitumia, vinginevyo utaitazamaje? Nikamwambia akalishushe lile bango. Akasema mwenye baa hasikii la mtu, analipenda mno. Anasema linaonekana kama mwaliko wa mtu mwenye heshima zake.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Wazee wa kanisa wamemwita wifi. Baba watoto alimsindikiza, ndiye aliyenisimulia, kwa hasira hadi sahani zikatikisika.

Mwenyekiti ni Mzee Rula. Tunamwita hivyo kwa sababu alikuwa mchora ramani hadi alipostaafu, na mpaka leo anatembea kwa mstari ulionyooka. Akamuuliza wifi kama ndiye aliyeandika kule baa. Wifi akajibu upande ule wa barabara hajawahi hata kupita. Basi wakampa karatasi, wakamwambia aandike maneno yaleyale mbele yao. Naye, maskini, mtu asiyejua kuandika ovyo, akaandika "Wajane na waseja, njoo tukufariji" kwa mwandiko wake safi kabisa. Mzee mmoja alivua miwani akafuta, akavaa tena. Hakuna tofauti!

Wamemnyang'anya kalamu mpaka Jumapili, shauri litakaposomwa mbele ya washarika wote.

Wifi alipitia kwetu. Akakaa kwenye benchi la jikoni, hakunywa chai. Alikuwa anavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Akasema huenda kweli aliandika, labda usingizini, maana mkono ni wake. Na hakuniita bi harusi hata mara moja. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Nikaamua kusema ukweli. Nikamfuata Baba watoto uani, nikaanza, "Mume wangu, kuna jambo." Akauliza jambo gani. Nikasema chumvi imeisha.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Bwana amenifungulia njia. Barua isiyo na jina!

Ukweli utajulikana, wifi atarudishiwa kalamu, na mimi nitaendelea kukaa benchi la nne bila kutazamwa. Nimeandika hivi: "Wazee wapendwa, dada yetu hana hatia yoyote. Aliyeyaleta haya ni mwingine, ambaye kwa sababu zake hapendi kutajwa. Mrudishieni kalamu yake. Ni mimi, Msema Kweli."

Niliichapa nikiwa nimefumba macho kwa maombi. Ilitoka kifudifudi, nikaikunja vilevile, nikaitia kwenye bahasha upesi nisije nikaingiwa na woga. Nimeisukuma chini ya mlango wa ofisi ya kanisa. Sijaonwa na mtu.

Nafsi yangu imetulia kama maji mtungini. Kumbe kutubu ni kwepesi hivi.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Naona aibu kuandika. Nitaandika hivyohivyo.

Baada ya ibada milango ikafungwa. Mzee Rula akasimama, akasema imepatikana barua ya utetezi. Moyo wangu ukaimba. Akaisoma yote kwa sauti. Halafu akaigeuza watu waione.

Upole! Ilikuwa kwa Upole! Si niliiagiza kompyuta mimi mwenyewe, kila kitu kitoke kwa Upole? Wifi anajitetea kwa mkono wake mwenyewe, kwa jina la bandia! Kanisa likavuma kama mzinga. Mama mmoja akasema kumbe hata haya hana. Mimi nikainama chini ya benchi kutafuta hereni. Sivai hereni.

Ndipo wifi akasimama. Peke yake, mkoba mkononi. Akaomba barua ile. Akaomba daftari la wagonjwa. Akaomba lile bango, na kijana wa kwaya akakimbia ng'ambo kulifuata. Mwenye baa hakukubali kuliachia, akaja nalo mwenyewe, akasimama nalo madhabahuni na aproni yake.

Wifi akavaa miwani. Akasema hapigi kelele, anaomba tu wazee wasogee. Akafungua daftari la wagonjwa. Akawaonyesha kwamba mkono wa mtu haujirudii. Y hii aliiandika amechoka. Hii aliiandika na haraka. Hii aliiandika siku mama yake mchungaji alipozidiwa, tazameni ilivyoinama. Sasa leteni barua na bango. Y zote ni moja, kama viti vilivyotoka kiwanda kimoja, na zote zina nundu mkiani. Mzee Rula akatoa rula mfukoni kwelikweli, akazipima moja moja. Akakubali kwa kichwa.

Wifi akasema nundu hiyo anaijua, hata siku iliyozaliwa anaijua. Kisha akageuka pole pole, akaangalia juu ya miwani mpaka benchi la nne, pale nilipokuwa bado natafuta hereni.

"Bi harusi," akasema, "majibu ya macho yangu yametoka?"

Nikatoka chini ya benchi. Nikasema yote, mbele ya mchungaji, kwaya, mume wangu na mwenye baa. Nililia mpaka mwenye baa akanipa kitambaa chake. Kalamu ikarudishwa. Kanisa zima likasimama kwa ajili ya wifi, na wale mama wa kwaya ndio waliopiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Wifi kaja kibandani mapema. Kasema amenisamehe. Akaniwekea mkono kichwani akaniombea, na ule mkono ulikandamiza kuliko maombi yanavyohitaji. Kisha akaamuru nifute Upole mbele ya macho yake. Kabla sijafuta akaomba aione kidogo. Nikamwandikia jina lake kwenye kompyuta. Akalisogelea, midomo ikicheza. Akasema si mbaya, ila y. Nikamwambia y tunaweza kuirekebisha...

Akasema, "Futa."

Nikafuta. Akaenda kwa Msomi. Ukutani nilisikia sauti moja tu, ya wifi, kama dakika tano, chini chini. Kisha Msomi akatoka nje kupata hewa. Hakuwa na kofia.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Nimepokea barua ya onyo kutoka kwa wazee. Kurasa mbili, ameiandika Mzee Rula kwa mkono. Inasema nilimdanganya mjane, nilimwibia kiungo cha mwili wake, niliingiza baa kanisani. Chini kuna ahadi ya kutia sahihi: sitachukua tena mwandiko wa dada yeyote katika Bwana.

Niliisoma nikilia. Nikaisoma tena nikilia. Niliposoma mara ya tatu nikaacha kulia, nikaanza kutazama.

Daftari langu, zile herufi! Miaka thelathini ya kuchora ramani! Nyembamba, zimesimama wima, hakuna inayomgusa mwenzake, kama washarika waliovaa vizuri. Harusi zingekaa, misiba ingekaa, hata vyeti vya shule vingekaa. Msomi angevua kofia akaila.

Nimetia sahihi ahadi kwa moyo wangu wote. Nitaitimiza. Mzee Rula si dada.

Nimeikagua barua yote kwa makini. Imekosa Z kubwa na tarakimu chache tu. Kwa hiyo nimemwandikia jibu la unyenyekevu. Nimemweleza kwamba katika safari yangu ya toba ningefarijika sana kama angeninakilia, kwa mkono wake, mistari kidogo ya Zaburi, ya Zekaria na ya Zefania, pamoja na namba za sura zake.

Na kwa kuwa ni mzee, sikutaka ahangaike kutafuta pa kuandikia. Nimemtilia karatasi ndani ya bahasha. Ina vijumba.