Pumzi ya Kupoza Chai

Jumatatu, 4 Machi
Hili sijamwambia mtu. Shangazi ni muuguzi wa zahanati, na ana mashine ya kupima mapafu. Kila siku ya kupima, kabla ya wagonjwa, lazima mtu asiyeumwa aipulize. Namba yake ikiwa ileile ya siku zote, mashine ni nzima. Mtu huyo ni mimi. Lakini siku ya kwanza, ya kuchukua namba yangu ya kulinganishia, wagonjwa benchi zima walinikodolea macho. Shuleni naandika kwa lugha mbili. Mbele za watu hata moja hainitoki. Nivimbishe mashavu? Thubutu! Nikapuliza kama napoza chai. Tangu hapo napoza chai tu.

Jumanne, 5 Machi
Binamu, mtoto wa shangazi, kapuliza kwa mzaha. Kanizidi mbali! Sasa naitwa Mapafu ya Kuku. Babu alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta. Kesho anapimwa, daktari anasubiri majibu ambadilishie dawa. Kesho hiyohiyo binamu atanitambua.

Jumatano, 6 Machi
Nimepuliza kwa nguvu zote. Namba ikaruka! Nimempita binamu! Raha iliyoje! Kisha shangazi akashika kichwa: mashine imeharibika, hapimwi mtu mpaka fundi aje. Lini? Mwezi ujao! Babu, shati limepigwa pasi, karudishwa nyumbani. Kila kona alisimama kutafuta pumzi. Nilimshika mkono. Siri sikuitoa. Mwoga mimi!

Alhamisi, 7 Machi
Mpango mpya: kupoza chai tena, mashine "ipone". Namba ya zamani ikarudi! Shangazi akasema mashine si mafua, haiponi kwa kulala. Akanibana pua kwa kibanio, akanipigia kelele sikioni: vuta, vuta, haya puliza, usiache, usiache! Mara tatu. Namba kubwa mara zote tatu. Akanitazama. Nikatazama sakafu. Nikasema yote.
Alicheka mpaka akakaa. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba babu amekesha akikohoa kwa ajili ya aibu yangu. Nililia.
Namba yangu ikaandikwa upya. Babu kapimwa, dawa kabadilishiwa. Anasema nikivimbisha mashavu nafanana na marehemu bibi akikasirika. Basi nimesamehewa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeapa: sichezei kipimo tena. Jumatatu zahanati inafungua chumba cha macho. Binamu anajigamba atasoma chati ya herufi mpaka mstari wa chini. Chati iko juu ya kabati la shangazi. Nimeinakili hapa, naikariri. Kwani kiapo kilikuwa cha mapafu tu! Mstari wa chini: T, Z, O, L...
Viatu vya shangazi! Viko mlangoni! Chini ya godoro, ukurasa, hara—