Malalamiko ya Fundi Aliyekatwa Kwenye Orodha ya Wazima

Kwa Daktari Mkuu,
Chumba cha Kupima Neva.

Mheshimiwa Daktari,

Baada ya salamu na heshima zote, mimi ni yule fundi cherehani aliyemleta shemeji yake kupimwa mguu, akaombwa na dada wa nyaya, yule mpimaji wenu wa umeme wa neva, arudi Alhamisi kujitolea mkono. Dada alinieleza vizuri: viwango vya kawaida mnavyotumia vimetoka kwenye kitabu cha watu wa mbali, kwa hiyo mnatafuta mikono mia mbili ya wazima wa hapa ili mpate vya kwetu. Nilikubali papo hapo. Kufika Jumatano, mtaa mzima ulishajua kwamba afya ya binadamu itapimwa kwangu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Alhamisi mliniloweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu, mkanipiga umeme mpaka vidole vikacheza bila ruhusa yangu, halafu dada akakunja uso. Alisema umeme unachelewa kwenye kifundo cha mkono. Akauloweka mkono tena, akapima tena, kisha akachukua rula na kulikata jina langu kwa mstari ulionyooka. Akanipa karatasi ya kurudi Jumatatu nikuone kama mgonjwa. Asubuhi mzima, mchana mgonjwa, na katikati sikula kitu kibaya.

2. Nimepima watu miaka ishirini na sita. Mteja akija na kitambi naongeza kitambaa. Simfukuzi ili vipimo vyangu vipendeze. Mlisema mnataka mikono ya hapa, na wangu ni wa hapa. Mkiwaondoa wote wasiolingana na kitabu, mtabaki na kitabu kilekile chenye jalada jipya.

3. Karakana yetu ina mafundi watano. Wanne tunaamka na ganzi, tunakung'uta mikono kama watu wanaofukuza nzi. Asiye na ganzi ni mdogo wangu peke yake, kwa hiyo asiye wa kawaida ni yeye. Naomba aitwe haraka.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mke wangu aliposoma karatasi yenu alininyang'anya mkasi mkubwa, akampa huyohuyo mdogo wangu mpaka nitibiwe. Mimi fundi mkuu nimebaki kushona pindo kama mwanagenzi, na wateja wanaona.

Kwa hiyo naomba mshushe kiwango cha kawaida mpaka kinifikie. Itawafaa hata ninyi: mkikishusha kidogo zaidi, foleni yote ya barazani itakuwa wazima, nawe utawahi nyumbani. Nami nipewe cheti chenye muhuri, nikibandike mahali ambapo mke wangu hatakosa kukiona.

Msalimie dada wa nyaya, sina kinyongo naye. Msalimie mlinzi wa getini, suruali yake iko tayari, na wote tuliobanana nao kwenye lile benchi.

Ni mimi mliyenikata kwa rula,
Fundi wa magauni ya harusi.

Tanbihi: Mwandiko si wangu. Kalamu ilinidondoka mara tatu, basi mke wangu ameandika nilivyosema, bila kubadili neno, kwa sharti kwamba nikueleze na hili. Juzi sindano ya cherehani ilipenya kidole changu na sikuhisi chochote. Nilijua nilipoona damu kwenye gauni jeupe la mteja. Nimeogopa sana, Daktari. Jumatatu nitafika kabla mlango haujafunguliwa. Kiwango kiacheni palepale kilipo, mnisaidie nikifikie.